Kofia ya kipimo haihitaji machozi

Siku ya kipimo chake cha EEG, yaani cha umeme wa ubongo, kabla hajabandikwa waya hata mmoja binti yangu alikuwa ameshachorwa kichwa kizima. Mpimaji alianza na kibonyeo kilicho juu ya pua, kati ya macho, akaupitisha utepe utosini mpaka kwenye kinundu cha mfupa kisogoni. Akasoma, akapiga hesabu kimoyomoyo, akaweka alama kwa penseli ya nta. Kisha kutoka sikio hadi sikio. Kisha kuzunguka.

"Mama, ananishonea nguo ya kichwa?"

Alikuwa na miaka minne, na kwa akili yake utepe ni wa fundi nguo. Nikacheka, nikamwambia hapana, hapa hakuna cha kushonwa. Leo ningemjibu ndiyo.

Alama zile si za kukisia. Ni mpango uliochapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958, na hadi leo ndio unaotumika duniani: umbali kati ya alama na alama ni asilimia 10 au 20 ya vipimo vya kichwa chenyewe, kwa hiyo kichwa cha mtoto na cha babu yake vinapimwa kwa kanuni moja. Kwenye kila alama ngozi inasuguliwa kwa jeli yenye chengachenga, kisha inabandikwa elektrodi, kikombe kidogo cha chuma chenye waya mrefu. Mpango wa kawaida una elektrodi 21. Usuguaji ule hauumizi, ila unakera, na mtoto aliyekesha hataki kukerwa. Nasi tulikuwa tumemkesheza makusudi. EEG ya aina ile inamtaka mtoto asinzie mezani, kwa sababu kuna hitilafu za kifafa zinazojificha mchana na kujitokeza mtu akiwa usingizini. Kwa hiyo usiku kucha sisi wazazi tulikuwa na kazi ya kumwimbia, kumtembeza sebuleni na kumfinya mashavu asilale.

Nyaya zilipokamilika, mpimaji alizizungushia shashi kichwani tabaka kwa tabaka zisisogee. Bandeji nyeupe, kuanzia nyusi hadi kisogoni. Mtoto akageuka akajiona kwenye kioo cha dirisha.

"Mama, nimevunjika kichwa?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa mtoto bandeji ina maana moja tu: umeumia. Na kichwa kikifungwa hivyo, basi umeumia sana. Akaishika kwa mikono miwili, akavuta, nyaya tatu zikang'oka. Mpimaji akazirudisha kwa upole, mtoto akazidi kulia, na kwenye skrini ile mistari iliyokuwa ikitembea taratibu ikageuka kichaka cheusi. "Hayo ni misuli, mama," mpimaji akaniambia. "Ubongo upo humo ndani, ila siuoni."

Nimeyakumbuka sana maneno hayo. Umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa unapimwa kwa mikrovolti, sehemu za milioni moja ya volti, na mara nyingi ni makumi machache tu ya hizo. Misuli ya taya na paji la uso inatoa umeme unaoufunika huo kabisa. Mtoto anayelia amekaza kila msuli wa uso wake. Unachorekodi ni kilio. Unaweza kuwa na mashine mpya kabisa na mpimaji bingwa, na bado ukatoka na karatasi ya kilio.

Usingizi tuliousubiri usiku kucha ulikuja. Ulikuja kwenye gari, tukiwa njiani kurudi nyumbani. Tukapangiwa tarehe nyingine.

Safari ya pili tulimkuta mpimaji mwingine, dada mmoja asiye na maneno mengi. Alipomaliza kubandika hakuchukua shashi kwanza. Alivuta droo, akatoa kofia nne za pamba, akaziweka mezani kama mtu anayepanga karata. "Chagua." Binti yangu akachagua ya njano. Ilikuwa kofia ya kitambaa laini, mwisho wake juu kidogo ya nyusi, nyuma ina mpasuo ambao nyaya zote zilitokea kwa pamoja. "Una mkia," dada yule akamwambia. Shashi ilikuwapo, tabaka moja jembamba, chini ya kofia, haikuonekana. Mtoto akajitazama, akatikisa kichwa kuona kama mkia unacheza, akaambiwa mkia wa kipimo hautikiswi. Akatulia. Baada ya muda akalala, na daktari akapata dakika za usingizi alizozihitaji.

Sitaki kuukuza ushuhuda huu kuliko ulivyo. Alilia wakati wa kusuguliwa, kama safari ya kwanza. Huenda alikuwa amezoea chumba, huenda alichoka zaidi, huenda dada yule ana mkono mwepesi. Mtoto mmoja si utafiti. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba hakugusa kichwa chake hata mara moja, na kwamba mpimaji yule zile kofia alikuwa akizinunua kwa mshahara wake.

Nikaanza kuchangisha.

Kwanza nieleze kofia ninayoisema, maana wachangiaji wengi wanachanganya. Kuna kofia za kipimo zenyewe, za kitambaa kinachovutika, zenye elektrodi zilizoshonewa humo ndani na mkanda wa kidevuni. Hizo ni vifaa vya maabara, zinanunuliwa na hospitali, na wala hazisifiki kwa starehe. Ninayoichangishia mimi haipimi chochote. Inavaliwa juu ya nyaya. Mzee mmoja aliyetuma mchango mkubwa aliniandikia baadaye, "Nafurahi kusikia mashine imefika." Ilibidi nimpigie simu nimweleze kwamba hakuna mashine, ni kofia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kofia tu?" Nikamwambia, "Kofia tu, mzee wangu. Ukitaka pesa yako nakurudishia." Hakuitaka, akanitania kwamba basi naye nimtafutie ya saizi yake. Ila nilijua kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeandika tangazo kwa namna ya kumfanya mtu aone kikubwa kuliko kilichopo.

Na tangazo lile lilikuwa na kosa kubwa zaidi. Nilikuwa nimeweka picha ya binti yangu ya safari ya kwanza: bandeji, macho mekundu, machozi yamefika kidevuni, kamba ya nyaya imening'inia begani. Niliipiga ili nimwonyeshe baba yake, nikaishia kuuonyesha ulimwengu. Pesa ziliingia kwa kasi ambayo sijaiona tena. Pia yaliingia maneno: maskini, ana uvimbe? Atapona kweli? Mungu ampe wepesi mama huyu. Watu wema, sikatai. Lakini walikuwa wanamwombea mtoto ambaye jioni ile alikuwa chini ya meza ya kulia akigombana na kaka yake kwa sababu ya kalamu za rangi. Niliifuta picha baada ya siku chache. Ilikuwa imeshatumwa kwingine, na mwezi uliofuata ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, ikiwa na maelezo ambayo sikuyaandika.

Kwa hiyo maoni yangu nayaweka wazi hapa, na najua wenzangu kadhaa wanaochangisha hawatayapenda: kofia hizi zisichangishwe kwa machozi ya mtoto. Sababu moja ni ya mtoto mwenyewe. Kipimo cha EEG kwa watoto mara nyingi kinahusu kifafa, na kifafa bado ni neno linalomfuata mtu darasani, kwenye ajira, hata kwenye uchumba. Mtoto wa miaka minne hawezi kukubali wala kukataa picha yake ihusishwe na neno hilo kwa miaka yote ijayo. Tunamnunulia kofia ili asijione mgonjwa, halafu tunamtangaza ni mgonjwa ili tuipate. Hesabu hiyo haiingii akilini.

Sababu nyingine ni ya ukweli. Machozi yanauza kitu kisichokuwepo. Nimeona matangazo yanayosema kofia inaokoa maisha. Haiokoi. Haitibu kifafa, haipunguzi degedege, haimwambii daktari lolote. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kifafa kuwashika kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kinachookoa hapo ni dawa inayopatikana kila mwezi. Mtu akiniuliza, "Nina mchango mmoja tu, niutoe kwenye dawa au kwenye kofia?" namjibu dawa, bila kupepesa. Wengine wananiona mjinga kwa jibu hilo. Mpaka sasa halijaninyima kitu. Wengi wanaouliza hivyo hutoa kwenye dawa, kisha kidogo kwenye kofia.

Basi kofia iombewe kwa lipi? Kwa kile kichaka cheusi. Kwa chumba kilichoshikiliwa saa nzima bila rekodi inayosomeka, familia iliyokesha bure, mtoto anayerudi mara ya pili akiwa ameshajifunza kuogopa, na mwenzake ambaye angepimwa siku hiyo na akasogezwa mbele. Mtoto anayetulia anarekodika. Hilo mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kulielewa bila kuonyeshwa mtoto analia. Matangazo yangu ya sasa yana picha ya kofia mezani, imegeuzwa nyuma ili mpasuo uonekane, na maelezo mafupi ya kazi yake. Pesa zinaingia polepole. Lakini zinaingia kutoka kwa watu wanaojua wamenunua nini, na hao hurudi.

Sasa nije kwenye kofia zenyewe, maana hapa ndipo nia njema inapopotelea. Kuna wodi moja nilionyeshwa kabati lililojaa kofia za kufumwa kwa mkono, nzuri za kuumiza roho. Masikio ya sungura, maua, vifundo vya nyuzi utosini. Zimekaa humo miaka. Hakuna anayethubutu kuzitupa na hakuna anayeweza kuzitumia. Sufu inatia joto, joto linaleta jasho, na jasho chini ya elektrodi linaifanya mistari ipande na kushuka polepole kama mashua bandarini, mpaka msomaji ashindwe kutofautisha jasho na mawimbi ya polepole ya ubongo wenyewe. Nyuzi za plastiki zikisuguana na nywele zinaleta umeme tuli. Kifundo cha utosini kinamzuia mtoto kulala chali vizuri, na mshono mnene unaoangukia juu ya elektrodi unakuwa kama kijiwe ndani ya kiatu. Waliozifuma walikesha nao, kwa namna yao. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mpimaji kabla ya kushika sindano.

Mimi mwenyewe niliuliza baada ya kununua kitambaa. Dada yule asiye na maneno mengi alikishika, akakivuta pande mbili, akakirudisha. "Hiki hakipumui." Nikabaki na mita kadhaa za mapazia.

Alichonieleza siku hiyo ndicho ninachompa kila fundi. Pamba, au pamba iliyochanganywa kidogo sana na kitu kinachovutika. Mishono ikae nje. Mpasuo wa nyuma uwe mrefu kuliko unavyodhani, kwa sababu nyaya 21 zikikusanywa pamoja ni unene wa kidole gumba, na lazima mpimaji aweze kuingiza mkono kurekebisha elektrodi moja bila kuvua kofia nzima. Mbele isishuke machoni: sehemu ya kipimo ni taa inayomwekamweka usoni kwa kasi mbalimbali, na mpimaji anatakiwa ayaone macho. Isiwe na vifungo wala kitu chochote kinachoweza kung'oka na kumezwa. Kamba ya kidevuni hakuna, hasa kwa mtoto atakayelala; kama lazima ifungwe, ni velkro nyepesi inayoachia ikivutwa. Na isibane. Kofia inayobana inasukuma elektrodi, na kwa mtoto anayepimwa saa nyingi inaacha alama kwenye ngozi.

Kubana kunaleta suala la saizi, na saizi ndiyo inayonishinda hadi leo. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzunguko wa kama sentimita 35. Akitimiza mwaka kimekimbilia kama 46. Kuanzia hapo kinakwenda mwendo wa kobe, mpaka ukubwani kinapita 55 kidogo. Maana yake ni kwamba kati ya kuzaliwa na mwaka mmoja unahitaji saizi nyingi kuliko kati ya miaka mitano na kumi na mitano. Juu ya hapo ongeza unene wa elektrodi na shashi. Mafundi hushona saizi ya mtoto wa miaka minne au mitano kwa sababu ndiye wanayemuona akilini wakisikia neno mtoto. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilimshonea binti yangu mara mia.

Kingine ambacho wachangiaji hawakipendi: kofia haizunguki. Ikishavaliwa, mtoto anaondoka nayo. Wapo wanaonishauri ifuliwe ivaliwe na mwingine ili pesa iende mbali, na wana hoja, pesa ni pesa. Lakini kichwa kilichosuguliwa ngozi na kupakwa gundi ni njia ya maambukizi, na kufua kwa kiwango cha hospitali ni kazi nyingine juu ya watu wasio na nafasi. Zaidi ya hayo, nenda ukawaangalie watoto wakitoka. Nywele zimegandamana kwa jeli na gundi, zimesimama huku na kule, na nyumbani zinasubiri kuoshwa mara mbili tatu. Kofia inafunika hayo yote njiani. Na kwa wale wanaopimwa saa 24 au zaidi wakiwa nyumbani, na kinasa chao kiunoni, kofia ndiyo tofauti kati ya kutoka nje kucheza na kujifungia ndani. Kama ningelazimika kuchagua kundi moja tu la kuwapa, ningewapa hao.

Nikisoma historia ya kipimo hiki nacheka peke yangu. Hans Berger, aliyerekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 kule Jena, Ujerumani, na kukaa miaka mitano kabla ya kuchapisha, alimtumia mwanawe Klaus kama mmoja wa watu wake wa majaribio. Vipande vya madini ya fedha vilishikiliwa kichwani kwa bandeji za mpira. Karne nzima imepita. Mashine ikahama kutoka mwanga na karatasi hadi kompyuta, na kichwani mwa mtoto bado kuna bandeji. Mwaka 2019 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichukua helmeti ya baiskeli wakaitengeneza iwe kipimo cha sumaku ya ubongo, watoto wakaivaa na kupimwa, akiwemo wa miaka miwili. Siku moja huenda kofia zangu zikakosa kazi kabisa. Nitafurahi, ingawa nitabaki na marobota ya pamba.

Kuhusu pesa zenyewe nitasema machache. Kila mwisho wa mwezi naandika: zimeingia ngapi, kitambaa ngapi, fundi kalipwa ngapi, kofia ngapi zimepelekwa, ngapi zimekataliwa na kwa nini. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachosomwa zaidi. Fundi analipwa, sitaki tena kofia za bure zinazokaa kabatini kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia mtu aliyejitolea kwamba amekosea mshono. Unayemlipa unamrudishia kazi, anaguna, anafumua.

Binti yangu ana miaka saba sasa. Ile ya njano imebana, anamvisha mwanasesere, na juzi alinisahihisha mbele ya wageni kwamba ule si mkia, ni nyaya. Nilimuuliza kama naweza kuandika habari zake hapa. Akataka kujua kama kuna picha. Nikamwambia hakuna. "Basi sawa."

Nilikuwa nimefika hapa simu ikaita. Mpimaji wangu, na maneno yake yale yale machache: "Mama, za wachanga zimeisha tena. Kubwa zipo tele."